Mtahiniwa wa Kongwa na Historia ya Marekani

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, watahiniwa wa Kidato cha Sita wa Jamhuri yetu huketi kuifanya mitihani yao ya mwisho. Kijana aliyetoka Kongwa, katika nyanda kavu za Mkoa wa Dodoma, na kijana aliyetoka Wete au Makunduchi, hupewa karatasi ile ile, siku ile ile na saa ile ile. Katika somo la Historia wote wawili hupaswa kuwa tayari kuulizwa habari za Marekani. Kwa miaka mingi muhtasari wa Kidato cha Tano na cha Sita umebeba mada ya watu wa asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, mada ya mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na mada ya mpango wa Rais Franklin Roosevelt ulioitwa New Deal, pamoja na kuinuka kwa Marekani hata ikashika uongozi wa nchi za kibepari.

Wako waungwana ambao wakilisikia jambo hili hukunja uso. Husema: mtoto wa Kigogo ana haja gani na Roosevelt? Mtoto wa Kipemba, ambaye babu yake alichuma karafuu, atafaidi nini kwa kujua soko la hisa la New York lilianguka mwaka gani? Sisi hatumo katika kundi hilo. Tunaona kwamba kuijua historia ya taifa kubwa, ambalo uamuzi wake hutufikia mpaka jikoni, ni haki ya kijana wetu na wala si anasa. Malalamiko yetu ni mengine. Tunalalamika kwamba historia hiyo huulizwa kana kwamba ilitukia katika sayari nyingine, na kwamba anayeulizwa hajapata hata siku moja kuambiwa kuwa ilipita mlangoni pake.

Tuitazame Kongwa yenyewe, maana tumeichagua kwa makusudi.

Hapo karibu yake, Mpwapwa, ndipo ilipopita njia kuu ya misafara ya karne ya 19. Misafara iliondoka pwani, hasa Bagamoyo, mkabala na kisiwa chetu cha Unguja, ikapanda milima ya Usagara, ikapumzika Mpwapwa, halafu ikaivuka mbuga isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Huko Ugogo hapakuwa na kupita bure. Watemi wa Kigogo walikuwa na visima na walikuwa na nafaka, na kila msafara uliotaka maji na chakula ulilipa hongo. Neno hili leo limeharibika na kuwa jina la rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi. Na hongo hiyo ililipwa kwa nini? Ililipwa zaidi kwa nguo, na nguo iliyopendwa kuliko nyingine kwa miaka mingi ilikuwa merikani.

Jina lenyewe linajieleza. Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts na kuletwa Unguja kwa majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa mji wa Salem. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts. Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Unguja, na Richard Waters wa Salem akawa konseli wa kwanza, kabla Waingereza hawajaweka wa kwao. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid, iliyoitwa Sultanah, ikatia nanga New York, naye Ahmad bin Naaman akiwa mjumbe wake. Watu wa Visiwani tunayajua haya, au tulikuwa tukiyajua. Ambalo halijulikani sana ni kwamba mwisho wa safari ya nguo ile haukuwa Forodhani. Ilifungwa mitumba, ikawekwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ikapimwa kwa doti na shuka mbele ya watemi wa Ugogo, halafu ikaendelea mpaka maziwa makuu. Nayo meno ya ndovu yaliyorudi kwa njia hiyo hiyo yalivuka bahari, na mengi yakaishia katika jimbo la Connecticut, ambako yalichongwa kuwa vibao vya piano.

Sasa msomaji na aulize swali moja zaidi, ambalo ndilo swali lenyewe. Pamba ya nguo ile ilitoka wapi? Massachusetts ni nchi ya baridi, haioti pamba. Pamba ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, nayo ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo mtemi wa Kigogo aliyejifunga merikani kiunoni alikuwa amejifunga jasho la mtu ambaye yamkini babu yake alichukuliwa kutoka bara hili hili, ijapokuwa kwa mwambao wa magharibi. Na ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika, merikani ikapungua katika soko la Unguja, na wafumaji wa Uingereza na wa India wakaingiza nguo zao kujaza nafasi. Vita iliyopiganwa kwa sababu ya utumwa katika bara jingine ikageuza bei ya maji katika visima vya Ugogo.

Hapo mwalimu ameshapata katika kipande kimoja cha nguo mada nzima ya watu wa asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, na mada nzima ya biashara ya misafara. Katika muhtasari mada hizo hukaa mbali mbali, kila moja na alama zake, kama wageni wawili wasiojuana walioketi katika sebule moja.

Miaka mia ikapita. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika ekari zaidi ya milioni tatu, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Kongwa ndiyo iliyochaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, na kazi ikaanza mwaka 1947. Vitabu vyetu huieleza habari hii kwa sentensi mbili au tatu, kwamba Waingereza hawakupima mvua wala udongo, basi wakashindwa. Ni kweli. Mvua ya Kongwa ni ya kubahatisha, udongo wake wa mfinyanzi hukauka ukawa kama saruji, na katika mwaka wa kwanza ambapo ilitarajiwa kulimwa ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika hata 8,000. Mpango ulifutwa mwezi wa Januari 1951 baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Lakini kwa nini Waingereza walikuwa na pupa kiasi kile? Hapa ndipo Marekani inaporudi tena. Uingereza ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa mshindi aliyefilisika. Msaada wa vita kutoka Marekani ulikatwa mwaka 1945, na mwaka 1946 ikabidi London ikope Washington dola milioni 3,750. Watu wake walikuwa wakipimiwa mafuta ya kupikia kwa kadi. Kununua mafuta kwa dola kulikuwa ni kuongeza deni; kuyalima katika koloni, kwa fedha ya pauni, kulionekana kuwa ni wokovu. Ndipo matrekta yakapelekwa Kongwa. Nayo mengi ya matrekta hayo yalikuwa masalio ya jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa yakiwa yamechoka kutoka maghala ya vita ya Ufilipino. Palipokosekana matrekta ya kutosha, vilichukuliwa vifaru vya Kimarekani vya aina ya Sherman, kampuni ya Vickers ikaving'oa mizinga na kuvigeuza kuwa mitambo ya kung'olea visiki. Wagogo na Wakaguru waliosimama kando wakitazama mibuyu ikiangushwa walikuwa wakiitazama, bila ya kuambiwa, hesabu ya dola na pauni baada ya vita. Na mgomo wa 1947, ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam na kufuata reli kwenda bara, uliwafikia hata wafanyakazi wa Kongwa.

Tunaomba ruhusa ya kusema kwamba mtahiniwa anayeweza kuieleza hiyo hesabu ameielewa Marekani ya baada ya vita kuliko yule anayeweza kuorodhesha sababu saba za kuinuka kwake.

Waliposhindwa, Waingereza waliacha majengo, na tawi la reli ambalo baadaye liling'olewa. Katika mahame hayo, kuanzia mwaka 1964, Serikali yetu iliwapa nafasi wapigania uhuru. FRELIMO walikuwapo, SWAPO walikuwapo, na ANC ya Afrika Kusini, na ZAPU, na MPLA. Samora Machel aliishi Kongwa; wapiganaji wa SWAPO walioanza vita ya Namibia mwezi wa Agosti 1966 walitokea Kongwa. Makaburi ya baadhi ya wale wasiorudi makwao yako pale pale. Na hapo pia Marekani haikuwa mbali. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, alikuwa amesoma katika vyuo vya Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse kabla ya kuja Dar es Salaam. Lakini Ureno, dola aliyokuwa akipigana nayo, ilikuwa mwanachama wa NATO pamoja na Marekani hiyo hiyo. Mtu mmoja alielimishwa na taifa ambalo lilikuwa limeshikana mkono na adui yake. Hilo nalo ni swali la mtihani, tena zuri, na halina jibu la mstari mmoja.

Sisi wa Visiwani tusijione tumesalimika. Ni skuli ngapi zinazowapeleka watoto Tunguu na kuwaambia kwamba kuanzia mwaka 1960 palikuwa na kituo cha Wamarekani huko cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, na kwamba John Glenn alipoizunguka dunia mwezi wa Februari 1962 kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomsikiliza? Kituo kile kilipingwa na vyama vya siasa, kikafungwa mwezi wa Aprili 1964 baada ya Mapinduzi. Mtoto wa Tunguu akiulizwa juu ya Vita Baridi ataandika habari za Berlin na Cuba, naye amekulia juu ya ushahidi.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika mtihani, na si jambo jipya. Mwezi wa Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliishutumu mitihani ya wakati ule kwa kupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapohitajika ndani ya muda uliowekwa, bila ya kupima fikra wala tabia. Wakati ule bado tulikuwa tukitahiniwa chini ya mfumo uliorithiwa Cambridge. Tukajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, tukaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kazi ya mwanafunzi darasani nayo ikaanza kuhesabiwa. Kwa hayo tulijikomboa katika umiliki wa mtihani. Namna ya kuuliza ikabaki vile vile kwa sehemu kubwa: taja, eleza, jadili kwa hoja sita. Mwalimu naye, ambaye atapimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake, hufundisha hoja sita. Hatumlaumu, asingefundisha hivyo angelaumiwa na wazazi, na sisi wa magazeti tungekuwa wa mwanzo.

Inafariji kidogo kuona kwamba Wamarekani wenyewe wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1917 zilichapishwa habari za mtihani waliopewa wanafunzi wa Texas juu ya historia ya nchi yao. Wale wa sekondari walipata wastani wa alama 33 katika mia, na wengine walimchanganya Thomas Jefferson, aliyeandika Azimio la Uhuru, na Jefferson Davis, aliyewaongoza waasi wa kusini. Mwaka 1943 gazeti la New York Times liliwapima wanafunzi 7,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu, na ni 6 tu katika kila mia walioweza kuyataja makoloni 13 ya mwanzo. Mwaka 2022, katika upimaji wa taifa, wanafunzi wa darasa la nane waliofikia kiwango cha umahiri walikuwa asilimia 13. Kila kizazi cha wazee wa Marekani kimetangaza kwamba vijana wamesahau, na wazee hao wenyewe walipokuwa vijana walitangaziwa hivyo hivyo. Ama watu wa taifa lile hawajapata kuijua historia yao, ama mtihani wa namna ile haupimi kile unachodai kupima. Sisi tunaegemea upande huu wa pili.

Juu ya hayo sisi tuna mzigo ambao kijana wa Texas hana. Somo la Historia katika sekondari, Bara na Visiwani, limekuwa likifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kijana wa Kongwa anayezungumza Kigogo nyumbani na Kiswahili dukani huulizwa habari za Roosevelt kwa lugha ya tatu. Akikosea, nani awezaye kusema kama alichokosa ni Roosevelt au ni Kiingereza? Msahihishaji hana njia ya kujua, na karatasi haimwambii.

Ndiyo maana tunalitazama kwa matumaini somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililowekwa katika mitaala mipya ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Matumaini yetu yana hofu ndani yake. Hofu ya kwanza ni kwamba somo hilo litajenga ukuta, historia ya Tanzania upande huu kwa Kiswahili na historia ya dunia upande ule kwa Kiingereza, na merikani itakosa mahali pa kukaa. Hofu ya pili ni kwamba jibu la Kiswahili la hoja sita halitatofautiana na la Kiingereza ila kwa lugha.

Tunajua maofisa wa mitihani watatujibu nini, na jibu lao lina uzito. Watasema: mtihani wa taifa ni mizani moja. Ukiuliza habari za Kongwa unamdhulumu mtoto wa Micheweni ambaye hajapata kuiona. Ukiuliza Tunguu unamdhulumu mtoto wa Kongwa. Swali la jumla ni kame, lakini ni la haki. Hoja hii haikatwi kwa maneno matupu, na tunakiri kwamba wengi wanaolalamikia mitihani hawajapata kuketi katika chumba cha kusahihishia wakiwa na lundo la madaftari na mwongozo mmoja.

Hata hivyo ziko njia mbili, na zote zimo katika uwezo wetu. Ya kwanza ni kumpa mtahiniwa ushahidi ndani ya karatasi yenyewe. Mpe jedwali la mizigo ya merikebu za Salem kabla na baada ya 1861, au kipande cha taarifa ya Kongwa ya 1949, au ramani ya njia ya misafara, kisha umuulize: ushahidi huu unaonyesha nini, hauonyeshi nini, na unahusianaje na yaliyokuwa yakitukia Marekani? Hapo wa Micheweni na wa Kongwa wako sawa, maana wote wanakiona kitu hicho kwa mara ya kwanza, na kinachopimwa ni akili ya kusoma ushahidi. Ya pili ni kuitumia ile sehemu ya alama zitokazo darasani. Kila skuli na iwape wanafunzi kazi ya kuandika historia ya mahali pao na namna ilivyofungamana na dunia. Wa Kongwa waende kwenye makaburi na kwenye mahame ya mashamba ya karanga, wa Tunguu waende Tunguu, na wa Mji Mkongwe waitafute nyumba aliyokaa konseli.

Njia hii ya pili ina mtego, nao ni udanganyifu. Kazi moja ikiandikwa vizuri Dodoma itanakiliwa na skuli kumi kabla ya muhula kwisha. Lakini kazi ya mahali hunakiliwa kwa taabu kuliko kazi ya hoja sita, kwani kaburi la Kongwa halipo Chake Chake.

Mambo ya elimu ya msingi na sekondari si ya Muungano, ila Baraza la Mitihani la Tanzania ni la Muungano. Kwa hiyo taasisi mbili za elimu, ya Tanzania na ya Zanzibar, zikitaka jambo hili, hazina budi kuketi pamoja na Baraza hilo, na Baraza la Mitihani la Zanzibar, ambalo huwatahini watoto wetu wa Kidato cha Pili, lingeweza kuwa la kwanza kulijaribu, kwa kuwa mtihani wake ni mdogo na eneo lake ni dogo. Tungependa kuona karatasi moja ya majaribio, yenye swali moja tu la ushahidi, kabla mitaala mipya haijafikia mtihani wake wa kwanza wa Kidato cha Nne.

Na iko haraka ya namna nyingine. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1947, akiwatazama Waingereza na vifaru vyao huko Kongwa, amekwisha kupita miaka 90. Wako wachache, na si wote wenye masikio mazuri. Anayetaka kuwauliza vile vyuma vilionekanaje siku ya kwanza, na walilipwa kiasi gani, na kwa nini waligoma, na aende mwaka huu, achukue daftari.